Maji Ndani ya Rangi

Rangi ya mashua ya Mama Idah iliharibika siku nne kabla ya ziwa kufunguliwa. Aliyeiharibu ni binti yake Nkandu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Miezi mitatu ya marufuku ya uvuvi ilikuwa inaisha, na katika ufuko wote wa Kashikishi watu walikuwa wakiziba nyufa na kupaka rangi mashua zao. Mbao isiyo na rangi hunywa maji ikaoza. Mama Idah alimwita Papa Mulumba, fundi kutoka Kilwa, mji ulio ng'ambo ya ziwa. Mulumba huchanganya unga mwekundu na mafuta ya rangi, kisha huulainisha kwa mafuta ya taa.

"Nkandu, lete kigaloni cha mafuta ya taa," Mulumba alisema. "Na usicheze njiani."

Nkandu alicheza. Aliruka kamba na wenzake, kigaloni kikapinduka, karibu nusu ya mafuta ikamwagika mchangani. Aliogopa. Nyumbani mchuzi ukipungua huongezwa maji, naye akafanya vivyo hivyo. Akachota ziwani mpaka kigaloni kikajaa, akakimimina mwenyewe kwenye kopo la rangi wakati Mulumba anaziba nyufa kwa pamba.

Mulumba alipokoroga, unga ukashikana mabonge na kuzama. Juu yakabaki mafuta membamba.

"Hii ni rangi ao ni bukari ya kula?" alifoka. Akaenda moja kwa moja sokoni, kwenye meza ya Blanchard, muuza unga wa rangi. Nkandu akamfuata.

"Blanchard, wewe mutu mubaya! Umeniuzia udongo wa matofali!"

"Yaya Mulumba, mukubwa wangu, unga ni uleule wa kila siku."

"Uleule? Basi pikia watoto wako!"

Watu wakacheka. Wanunuzi watatu waliokuwa wakisubiri wakaondoka. Nkandu aliona yote, akanyamaza.

Alinyamaza siku mbili. Hakugusa chakula. Mama yake akadhani ni malaria.

Siku ya tatu Blanchard alikuja mwenyewe kwenye mashua, amebeba chupa ya kioo, unga na mafuta. Akachanganya mbele yao, akatikisa. Rangi ikawa nyekundu sawasawa, juu hadi chini.

"Angalieni. Ndani ya mafuta kila punje inaelea peke yake." Akatia maji kidogo, akatikisa tena. Mabonge yaleyale yakazama. "Maji na mafuta hayapatani. Maji yanakimbilia unga, yanagandisha punje na punje, zinakuwa nzito. Bon, basi, Yaya. Maji yalitoka wapi?"

Mama Idah alimtazama binti yake.

"Ni mimi," Nkandu alisema, akaketi mchangani akalia. "Nilimwaga mafuta, nikajazia maji ya ziwa."

"Na ulinisikia nikimutukana huyu?" Mulumba aliuliza.

"Nilisikia, Papa."

Mulumba alichuchumaa kando yake. "Mutoto, kumwaga mafuta si kitu. Ungesema, ningekugombeza, tungenunua mengine, tungepaka siku ileile. Lakini uliacha mutu asiye na kosa aitwe mutu mubaya. Ukikosea, sema kosa likingali dogo. Na mimi pia nilikosea, nilitukana kabla ya kupima. Simama. Twende sokoni, tukaseme mbele ya walewale waliocheka."

Walikwenda, wakasema. Nkandu alisema kwa sauti.

Kopo zima la rangi lilitupwa. Rangi mpya ilikauka siku tano baada ya ziwa kufunguliwa, na siku hizo zote mashua ilikaa juu ya magogo huku wengine wakivua. Wavuvi wawili walioahidi kufanya kazi na Mama Idah walikwenda kuvua kisiwani Chisenga na mashua nyingine. Kati ya wanunuzi watatu wa Blanchard, alirudi mmoja.