Mifuko Iliyofungwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti wa fundi alimtilia mama yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Ilikuwa kazi yake tangu darasa la pili, kwa kuwa macho yake yalikuwa makali kuliko ya mama. Uzi ukishapita, mama hukanyaga pedali, na cherehani huanza kulalama pale barazani hadi jioni. Nusu ya sare za shule yao zilitoka kwenye baraza ile.

Muhula huo mama alibadilika. Alikuwa akisimamisha mguu katikati ya mshono na kutega sikio.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Wanasema tena. Wanajificha mifukoni mwa watoto."

Basi akaanza kuwafungia. Kaptura kwa kaptura, sketi kwa sketi, mifuko yote akaipiga mshono ikafungwa kabisa.

Shuleni hakuna aliyemwonea huruma. Wa kwanza kugundua alikuwa mvulana waliyemwita Kasuku, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alisimama mbele ya darasa akihangaika kusukuma mkono kwenye kaptura isiyo na pa kuingilia.

"Jamani, mama yake huyu kafunga mifuko! Bado midomo!"

"Mwambie aanze na wako," binti akamjibu.

"Wangu mzima! Aanze na kichwa chake, kimefumuka!"

Darasa likaangua kicheko. Kuanzia siku ile binti akaitwa Mifuko, hata na wale aliowahi kugawana nao kalamu.

Mama mwenyewe alijua kwamba hayuko sawa. "Mwanangu, kelele hizi zimenichosha," alisema. "Karibu na shule yenu pana kliniki ya afya ya akili. Mtu anatibiwa na kurudi kwake siku hiyohiyo. Ukipita, niulizie kama wanapokea wagonjwa wapya."

Binti aliijua kliniki hiyo. Uzio wa waya tu ndio ulioitenga na uwanja wa shule, na benchi la wagonjwa lilitazamana na goli. Anayekaa pale huonekana na shule nzima. Alifika langoni, akamkuta muuguzi akifagia kibaraza, wakatazamana. Kisha binti akapita kama aliyepotea njia.

"Wamesema wamejaa," alimwambia mama jioni, macho kayakaza kwenye sufuria. "Hawapokei wapya."

Mama mkubwa, dada yake mama, alishusha pumzi. "Afadhali! Pale tungeanikwa kama nguo. Mimi nimepata kwingine, mbali kabisa. Lango liko nyuma, madirisha yana mapazia mazito. Hakuna atakayetuona."

"Lakini dada, ningependa karibu, niweze kurudi mwenyewe."

"Kazi yako wewe ni kupona. Kuchagua tuachie wenye akili zao."

Mama akainamisha kichwa. Binti alisikia, akaendelea kukoroga sufuria.

Huko mbali, daktari alizungumza na mama mkubwa tu. Mgonjwa hakuulizwa hata kama analala. Dawa zilianza kuzituliza sauti, lakini zilimtetemesha mikono asiweze kushika mkasi, wala hakuna aliyemweleza kwa nini. Kurudi kuuliza ilikuwa safari ya kutwa nzima, na mama mkubwa akasema hana siku ya kupoteza. Mama akaziacha dawa. Sauti zikarudi kwa kishindo.

Siku moja wakati wa mapumziko, mama akatokea uwanjani, miguu mitupu, mkasi mdogo mkononi.

"Wanangu, nimekuja kuwafungulia mifuko yenu," alisema. "Nilikosea. Njooni niifumue."

"Ana mkasi! Mwendawazimu ana mkasi!" Kasuku akapiga ukelele.

Madongo yakaanza kuruka. Moja likampata begani, jingine shavuni. Mama akatazama huku na huku mpaka macho yake yakamwona bintiye. "Mwanangu, waambie sina ubaya."

"Kwani ni mama yako?" mwanafunzi mgeni akauliza.

"Simjui," binti akasema, tena kwa sauti ya kusikika.

Ni muuguzi aliyevuka lango na kuwafokea watoto. Alimshika mama mkono, akampeleka kwenye benchi na kumfuta damu shavuni. Binti alibaki ameshikilia waya wa uzio. Mwishowe akajikokota hadi pale.

"Mama, si wewe ndiye fundi wa hapa jirani?" muuguzi alisema. "Mbona hukuja mapema?"

"Mwanangu aliniambia mmejaa."

Muuguzi akamgeukia binti, akamkumbuka. "Hatujawahi kumfungia mtu mlango," alisema taratibu. "Haya mama, nieleze. Unasikia nini?"

"Nasikia wakinicheka. Na leo imekuja sauti mpya. Imesema 'simjui', kwa sauti ya mwanangu huyu. Hiyo nayo ina dawa, dada nesi?"

Binti angeweza kunyamaza, lawama zote zikauangukia ugonjwa.

"Hiyo haikutoka kichwani mwako, mama. Ilikuwa yangu. Na hapa hawakujaa. Sikuuliza."

Mama akamtazama machoni. "Basi hiyo haina dawa," akasema.

Binti akalia. Hakuna aliyembembeleza.

Mama alianza matibabu palepale. Daktari alimuuliza yeye mwenyewe, akambadilishia dawa, na kumweleza kila kitu itakachomfanyia. Ikimsumbua, alitembea akarudi kesho yake. Mikono ikatulia. Mifuko ikafumuliwa, na binti ndiye aliyevuta kila uzi. Lakini miezi ilipita kabla mama hajamwita tena kumtilia uzi kwenye sindano.

"Unapomtafutia mtu wako tiba, usitafute pa kumficha," muuguzi alimwambia binti. "Tafuta anaposikilizwa, anapoelezwa dawa zake na anapoweza kurudi. Na usimdanganye. Anayepigana na sauti za uongo anahitaji japo mtu mmoja wa kumwambia ukweli."

Siku ya kurudi kliniki, binti aliketi bega kwa bega na mama kwenye benchi, shule nzima ikitazama. Mama akatega sikio.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Ni Kasuku. Anatutukana."

"Kumbe ni yeye," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu sauti zianze, akacheka.