Pengo kwenye Mstari

Kila alfajiri, Lizhen alipokuwa akikoroga uji wa mtama jikoni, alimsikia mama yake akivaa viatu vyake vya kitambaa na kushuka ngazi taratibu. Madaktari walikuwa wamemaliza kumtibu saratani, wakasema hawaoni tena uvimbe. Lakini uchovu ulimganda. Akipanda hadi kwao ghorofa ya tatu, alipumzika mara mbili.

Asubuhi moja ya ukungu Lizhen alimfuata. Katika bustani ya kando ya mto aliwaona watu kumi na wanne wakitembea kwa mstari, polepole, wakivuta pumzi mara mbili na kuitoa mara moja. Mama alikuwa wa tatu, uso umempauka.

"Kumbe mama yako yuko na wale wa saratani?" mwanafunzi mwenzake Tieshan alimwambia darasani. "Bibi yangu anasema mstari ule hupungua kila kipupwe. Hesabu mwenyewe."

Jumatano Lizhen alihesabu. Walikuwa kumi na watatu.

Hakumuuliza mtu. Jioni alivitumbukiza viatu vya mama ndani ya mtungi mtupu wa kuchachushia kabichi, akaufunika kwa jiwe.

"Umeviona viatu vyangu?" mama aliuliza kulipokucha.

"Sijaviona, Mama. Afadhali ulale. Unajichosha bure."

Mama akalala. Siku ya tatu alishindwa kuinua chanuo hadi kichwani. Siku ya tano Lizhen alirudi kutoka shuleni akakuta bakuli limevunjika, na mama ameketi sakafuni karibu nalo.

"Miguu imegoma tu, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo.

Lizhen aliinama, akaanza kuokota vigae. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Bibi Kang, kiongozi wa mstari, ambaye naye aliugua saratani miaka kumi na moja iliyopita. Walisaidiana kumketisha mama kitini.

"Peiyun, tumekuachia nafasi yako," Bibi Kang alimwambia mama. "Kila siku tunatembea na pengo."

"Na yule aliyekosekana Jumatano?" Lizhen aliropoka. "Amekufa?"

"Mzee Luan? Alikwenda kung'oa jino. Kelele zake ziko palepale."

Lizhen aliangua kilio. Mbele yao aliondoa jiwe juu ya mtungi, akawaletea viatu.

Bibi Kang alivinusa. "Bahati yako hukuvitia chumvi."

Mama hakucheka. "Ulinidanganya, Lizhen. Nilidhani nimeanza kupoteza akili."

"Nilisikia mstari hupungua. Nilitaka wewe usipungue, Mama. Nisamehe."

Mama alimvuta karibu, akamfuta machozi.

"Nisikilize, mjukuu wangu," alisema Bibi Kang. "Saratani ilitibiwa na madaktari. Mwendo wetu hauiponyi, ila hupunguza uchovu. Uchovu wa namna hii ukiulalia mchana kutwa, unazidi. Wewe uliogopa mstari utapungua, ukaupunguza kwa mikono yako mwenyewe. Siku nyingine ukiogopa, uliza. Usiifunike hofu kwa jiwe ukasema hujaona kitu."

Ilimchukua mama siku tatu kuweza kushuka ngazi. Siku ya nne alifika bustanini akimwegemea Lizhen, akaingia kwenye pengo lake. Alitembea hatua ishirini, akapumzika, akaongeza kumi.

Lizhen alikuwa nyuma kabisa, akivuta pumzi mara mbili na kuitoa mara moja. Alihesabu watu kumi na wanne mbele yake. Kisha akajihesabu na yeye.