Breki Iliyokaa Koponi

Mkata vioo alikuwa na tabia ya kupima mara mbili. Alipima dirisha, akaandika, akapima tena, ndipo akakata. Futi yake ya chuma, ile inayojikunja yenyewe, haikutoka mfukoni hata siku za mapumziko. Mteja akimharakisha, alimjibu bila kuinua uso, "Kioo hakijui samahani, bwana. Subiri."

Mke wake alikuwa msoma mita za maji. Kila asubuhi alichukua daftari na kuzunguka nyumba hadi nyumba. Alifunua kifuniko, akafuta vumbi, akaandika tarakimu. Nyumba sitini kwa siku, zote kwa miguu. Jioni aliloweka nyayo zake kwenye beseni.

"Leo si mimi niliyesoma mita," alisema siku moja. "Mita ndizo zilizonisoma."

Mumewe alicheka, lakini aliitazama miguu ile iliyovimba. Akaamua kumtafutia baiskeli.

Kwa habari za baiskeli hakwenda kwa fundi. Alikwenda kwa rafiki zake. Walikuwa wanaume tisa, yeye akiwemo, walioendesha baiskeli pamoja kila Jumamosi asubuhi, mpaka machimbo ya mawe na kurudi. Walijiita Msafara. Wakirudi, waliketi kwenye benchi mbele ya duka, na hapo safari ya pili ilianza, ile ya mdomo. Mmoja alisema tairi nyembamba ndiyo baiskeli, nene ni trekta. Mwingine alisema kiti laini ni cha wagonjwa. Aliyewashinda wote kwa maneno aliitwa Gia. Alikuwa mtu mzima, mwenye kovu kidevuni, na alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali.

"Mchukulie shemeji fremu kubwa," Gia alisema. "Kubwa ina mwendo. Halafu, breki ya mbele, ing'oe."

"Kabisa?"

"Kabisa. Unalijua kovu hili?" Alikigusa kidevu chake. "Miaka minane iliyopita niliminya breki ya mbele pale mteremkoni. Nikaruka juu ya usukani kama gunia. Breki ya mbele ni kaburi. Sisi wote hapa tuna ya nyuma tu, na wote tunapumua."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa sheria ya Msafara, na hakuna aliyewahi kuuliza ilipimwa wapi. Mkata vioo naye hakuuliza.

Siku baiskeli ilipofika, aliiegemeza ukutani na kuifanyia kazi mchana kutwa. Alifungua kishikio cha breki cha mkono wa kulia. Akatoa waya. Akatoa vile vipande viwili vya mpira vinavyobana gurudumu la mbele. Vyote akavitia kwenye kopo la rangi lililokwisha, akaliweka rafuni. Alifanya hivyo kwa upendo. Alikuwa na hakika kwamba anamlinda mke wake.

Mke alipanda, akazunguka uani. Vidole vya miguu vilifika chini kwa taabu.

"Ni ndefu kidogo," alisema. "Na mkono huu wa kulia unashika nini?"

"Hauna kazi. Breki ni ya kushoto tu. Ya mbele ni hatari."

"Nani kasema?"

"Watu wanaojua."

Mke hakubishana. Yeye alijua mita, mumewe alijua baiskeli.

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Nyumba sitini zilikwisha kabla ya adhuhuri, na beseni lilirudi kwenye kazi yake ya kufulia. Kisha ikaja Jumanne.

Njia yake ilikuwa na mteremko mmoja, unaoshuka katikati ya kuta za nyumba na kupinda kulia. Asubuhi hiyo, alipokata kona, bibi mmoja alikuwa anatoka getini kinyumenyume, akivuta dumu la maji. Mke wa mkata vioo aliminya breki kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma liliganda. Baiskeli haikusimama, iliteleza huku mkia wake ukienda upande. Bibi hakuwa amegeuka bado. Palibaki uamuzi mmoja tu, naye akaufanya: aliuelekeza usukani ukutani.

Mkata vioo alimkuta zahanati, mkono umefungwa kifuani. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Kofia ngumu aliyokuwa amevaa ilikuwa na ufa mrefu upande mmoja.

"Bila kofia hii tungekuwa tunazungumza mengine," daktari alisema. "Wiki sita asinyanyue kitu. Ilikuwaje, mama?"

"Nilishika breki," mke alisema. "Nilishika, haikushika."

Hakumtazama mumewe aliposema hivyo. Mumewe aliitazama ile kofia.

Kesho yake alikwenda mteremkoni peke yake. Alama nyeusi ya tairi ilikuwa bado barabarani. Alitoa futi akaipima, kutoka ilipoanza mpaka ukutani. Mita tano na sentimita kumi. Akapima tena. Tano na kumi.

Alisimama pale na tarakimu ile bila kujua ina maana gani. Ili kujua, ilibidi ajue baiskeli yenye breki mbili ingehitaji mita ngapi. Hilo hakuwahi kulipima.

Alirudi nyumbani, akachukua kopo kutoka rafuni, akaenda kwa fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Spoku. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye minyororo ukutani na harufu ya gundi ya viraka. Alikuwa anainyoosha rimu. Mkata vioo aliweka kopo mezani. Mama Spoku akachungulia ndani.

"Breki nzima hii. Ya nani?"

"Ya mke wangu, dada. Niliing'oa mimi."

Fundi aliacha kuizungusha rimu. "Aliyeanguka jana ndiye mkeo?"

"Ndiye."

"Na wewe ni mtu wa Msafara."

"Ndiyo."

Mama Spoku hakumgombeza. Alivuta baiskeli yake mwenyewe, akamwambia aiegemee usukani kwa uzito wote.

"Unapofunga breki, mwili wako unakwenda wapi? Mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Basi uzito wote unakwenda mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, linashika barabara. La nyuma linakuwa jepesi. Kitu chepesi kikibanwa kinateleza. Ndiyo maana breki ya nyuma peke yake inakusokota, haikusimamishi. Kazi kubwa ya kusimama inafanywa na ile iliyo humo koponi."

"Lakini ya mbele inarusha mtu."

"Inaweza. Ukiibana ghafla, mwili umeinamia mbele, mikono imelegea. Ndiyo maana mtu anafundishwa kuitumia. Kisu nacho kinakata kidole. Wewe unakata vioo kwa kijiko?"

Mkata vioo hakucheka. "Kusimama kunachukua mita ngapi, dada?"

"Una futi?"

Walikwenda mteremkoni. Mama Spoku alichora mstari wa chaki. Alianzia mahali pamoja kila mara, bila kupiga pedeli, na alipofika kwenye mstari alifunga breki. Mara tatu kwa breki ya nyuma tu. Mara tatu kwa breki zote mbili. Mkata vioo alipima, akaandika kiganjani.

Nyuma tu: mita saba na sentimita themanini, kasoro kidogo au zaidi kidogo.

Zote mbili: mita tatu na sentimita sitini.

Alikitazama kiganja chake kwa muda. Kisha akatazama ile alama nyeusi. Mita tano na kumi.

"Angesimama," alisema.

"Angesimama," Mama Spoku alikubali. "Na angebaki na nafasi ya kumwamkia bibi."

Jioni alimweleza mke wake yote, pamoja na kopo. Alisema kwa utaratibu, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kulisema jambo lile. Mke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dirisha la mtu usiyemjua unapima mara mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Mke alijigeuza taratibu, akiulinda mkono wake. Kisha akasema, "Wale wenzako tisa bado wanashuka mteremko ule kila Jumamosi."

"Wanane. Mimi wa tisa."

"Basi nenda."

Jumamosi aliwakuta kwenye benchi. Gia alimpa pole ya mkewe, akaongeza, "Bora hakuwa na ya mbele. Angekufa."

"Hiyo ya mbele ndiyo niliyokuja kuisema," mkata vioo alijibu. Akasoma tarakimu zake.

Mmoja akasema tarakimu ni za darasani. Gia alitabasamu, akakigusa kidevu. "Hii si tarakimu, bwana. Hii ni ngozi yangu."

"Ngozi yako nilikuwepo ilipochanika." Ilikuwa sauti ya Mama Spoku. Alikuwa amekuja nyuma ya mkata vioo, na mkononi alishika rimu kuukuu yenye kutu. "Gurudumu lako la siku ile, Gia. Liliharibika, nikalitundika ukutani, na bado lipo. Hesabu spoku zilizokatika."

Gia alisita, kisha akahesabu. "Sita."

"Breki haikati spoku. Breki inabana rimu, huku nje. Kilichokata spoku kilikuwa humu ndani. Ulikuwa umetundika nini kwenye usukani?"

Gia aliondoa mkono kidevuni.

"Begi," alisema.

"Ukanda wake niliuchomoa mimi kwa koleo, umejizungusha kwenye kitovu cha gurudumu. Nilikuambia siku ile."

"Siku ile sikumsikia mtu. Nilikuwa na nyuzi nne kidevuni." Aliigusa spoku iliyokatika kwa kidole. "Mkono wangu ulikuwa kwenye breki. Ndicho ninachokumbuka."

"Nakuamini. Ulikuwa kwenye breki, na begi lilikuwa kwenye gurudumu. Ukakumbuka moja."

Hakuna aliyemcheka. Mmoja wa wale wanaume alivuta begi lake kutoka kwenye usukani, akaliweka mgongoni, kimyakimya. Gia aliinuka. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, na heshima hiyo aliitumia vizuri asubuhi ile.

"Mama Spoku," alisema, "ukiwa na nafasi, nifungie breki ya mbele. Mimi nianze, maana mimi ndiye niliyeanza."

Jumamosi mbili zilizofuata Msafara haukwenda machimboni. Ulikwenda uwanjani, kujifunza upya. Mama Spoku aliwapanga kama wanafunzi. Kwanza mwendo wa pole. Minyeni breki zote mbili pamoja, aliwaambia, mkiongeza nguvu kidogokidogo, kama mtu anayekamua kitambaa. Mikono imara. Makalio yarudi nyuma ya kiti. Nyuma ikianza kuteleza, legezeni ya nyuma. Penye mchanga, kokoto au maji, punguzeni mwendo mapema na muiguse ya mbele kwa upole. Breki kabla ya kona, si ndani ya kona.

"Na mizigo?" aliuliza.

"Nyuma au mgongoni," walijibu.

"Gia, sijakusikia."

"Nyuma au mgongoni, mwalimu."

Wiki ya nane, daktari alimruhusu mke wa mkata vioo kupanda tena. Mara hii mumewe hakumchagulia. Walikwenda kwa fundi pamoja, na fremu kubwa ikabadilishwa kwa ndogo. Mama Spoku alimweka juu ya kiti. Kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini, mguu ulinyooka bila kujivuta. Vidole vya mkono vilifika kwenye vishikio vyote viwili bila kujikaza. Kofia mpya ilikaa sawa kichwani, vidole viwili tu juu ya nyusi, si nyuma ya kisogo. Mwisho, fundi alichukua lile kopo na kufunga breki ya mbele, kipande kwa kipande. Mipira alitia mipya.

Mke alijifunza uwanjani siku tano. Siku ya sita alitaka mteremko.

Mumewe alitangulia kwa miguu, akasimama karibu na lile geti. Bibi wa dumu alikuwa ameketi hapo, akasogeza kigoda chake ndani kidogo.

"Leo nimeshaketi," bibi alisema. "Mwambie mkeo asinitafute ukutani."

Mke alitokea kwenye kona. Alikuwa amekwisha kupunguza mwendo. Alipofika ilipokuwa ile alama ya zamani, ambayo mvua ilikuwa imeifuta nusu, alifunga breki zote mbili. Makalio yalirudi nyuma. Gurudumu halikupiga kelele. Baiskeli ilisimama imenyooka, naye akaweka mguu mmoja chini.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamgeukia mumewe. "Pima."

Mkata vioo aliinama, akavuta futi kutoka mwanzo wa alama mpaka chini ya gurudumu la mbele. Mita tatu na nusu. Alifungua mdomo kuitaja.

"Tena," mke alisema.

Akapima tena.