Injini ya Mkiani

Kila alfajiri Mama Pacha na mumewe walitoka pamoja kwenda kazini, uwanja wa ndege. Mama Pacha alisafisha ndani ya ndege baada ya abiria kushuka. Mumewe alipakia na kupakua mizigo. Wenzake walimwita Winchi kwa sababu ya nguvu zake.

Winchi alikuwa mtu wa mzaha. "Mke wangu anapanda ndege kila siku," aliwaambia watu, "ila hajafika popote."

Kisha kikaanza kikohozi. Kwanza Winchi alisema ni vumbi. Baadaye akasema ni baridi. Kikimbana, alikwenda kukohoa uani ili watoto wasisikie.

"Twende hospitali, Baba Pacha."

"Kikohozi tu hiki, mama. Kitapita."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Walipokwenda hospitali, maji yalikuwa yamezidi unga.

"Anavuta sigara?" daktari aliuliza.

"Hapana," Mama Pacha alijibu. "Labda moshi wa ndege."

"Siwezi kusema ni moshi huo peke yake. Lakini mtu akivuta moshi wa mafuta miaka nenda miaka rudi, mapafu yanaumia."

Winchi hakurudi nyumbani.

Baada ya mazishi Mama Pacha alirudi kazini. Angefanyaje? Pacha wake walitaka kula na kusoma. Jioni moja jirani yao alikuja kumjulia hali. Alikuwa fundi wa ndege na rafiki wa marehemu. Walikaa barazani.

"Shemeji," Mama Pacha alisema, "ndege ikisimama, si injini zinazimwa? Mbona moshi hauishi?"

"Zile kubwa zinazimwa. Lakini mkiani kuna injini ndogo. Ndiyo inayoleta umeme na hewa baridi ndege ikiwa chini. Inakula mafuta, inatoa moshi, na wapakiaji wako karibu nayo kutwa."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Pale tunapoegesha ndege kuna waya mnene wa umeme na bomba la hewa baridi. Tukiviunganisha na ndege, injini ya mkiani inazimwa. Inawashwa tena ndege ikikaribia kuondoka."

"Sasa mbona hamviunganishi?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Haraka, shemeji. Ile injini unabonyeza tu, inawaka. Sote tumezoea hivyo."

Fundi aliendelea taratibu.

"Na moshi huo haubaki uwanjani. Unapanda juu na kuongeza joto la dunia. Moshi mwingi zaidi unatoka ndege ikiwa angani. Huo unapunguzwa kwa ndege mpya zinazokula mafuta kidogo, kwa kutobeba uzito usio na kazi, na kwa mafuta safi zaidi. Mengine yanatengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Hayo yote yanataka muda. Lakini waya upo pale pale, umelala."

"Na mwenye nyumba hii naye amelala," Mama Pacha alisema. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Kwenye kikao cha usalama kazini, alisimama mbele ya meneja wa shirika lao la ndege.

"Mume wangu harudi, nalijua hilo. Naomba kwa ajili ya waliobaki. Chomekeni ule waya."

"Pole sana, mama," meneja alisema. "Ninachohofia ni ndege kuchelewa."

"Haitachelewa," fundi alisema, "tukiweka mtu wa waya anayesubiri kabla ndege haijafika. Na mafuta yatapungua."

Meneja alifikiri, kisha akakubali wajaribu. Mtu wa waya akateuliwa. Marubani nao wakaombwa, baada ya kutua, watembeze ndege kwa injini moja pale inapokuwa salama.

Jaribio likawa utaratibu. Mafuta yaliyochomwa ndege zikiwa chini yalipungua. Wapakiaji waliacha kurudi nyumbani macho yakiwawasha. Shirika jingine lilikuja kuangalia, nalo likaanza kuchomeka waya.

Lakini siku asiyoisahau Mama Pacha ni ile ya kwanza. Alikuwa ndani ya ndege, anapangusa viti, mara injini ya mkiani ikazimwa. Taa hazikuzimika. Mngurumo ukaisha, na ndege nzima ikawa kimya. Kupitia mlango uliokuwa wazi alisikia wapakiaji kule chini wakiongea na kucheka. Miaka yote aliyofanya kazi pale, hakuwahi kuwasikia.

Alisimama na kitambaa mkononi, akasikiliza. Alizitambua sauti zao moja moja. Moja haikuwepo.

Akavuta pumzi, akainama, akaendelea na kiti kilichofuata.