Mbegu Nyekundu za Shamba la Wageni

Kila asubuhi Charlotte aliteka maji bombani, akamwosha uso mdogo wake Junior, kisha akaenda kufagia kanisa la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Kazi ilikuwa ya mama yake, lakini mama aliondoka mapema kwenda kulima ganyu, yaani kibarua katika mashamba ya wenyeji. Kanisa lilikuwa na kuta za udongo na paa la turubai. Nyuma ya mimbari lilikaa gunia la mahindi ya mbegu, mekundu kana kwamba yamechovywa katika rangi.

Mbegu hizo zilikuwa za shamba la wageni, lililosimamiwa na Mama Thacienne, mzee wa kanisa. Kila mwaka waumini walilipanda mvua zilipoanza, na mavuno yake hayakuliwa na waliolima. Yaliwangoja watu watakaoshuka kwenye lori wakiwa mikono mitupu. Charlotte mwenyewe, alipofika kutoka Fizi, Kongo, uji wake wa kwanza ulitoka katika shamba hilo.

Jumamosi moja, siku moja kabla ya ibada ya shukrani na kupanda, chakula cha mgawo kilikuwa bado hakijafika. Junior alikaa mlangoni mwa kanisa akilia bila sauti.

"Chukua kopo moja tu," alinong'ona Malaika, rafiki wa Charlotte. "Nani ataona?"

"Mama Thacienne alisema iko na dawa ya wadudu."

"We nawe. Ile ni rangi. Banaipaka ili tusikule. Osha mara tatu, inatoka. Kwetu tulikula mwaka jana, na mi niko hapa nakusumbua."

Charlotte alicheka. Kule Fizi mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya moto jikoni, na mtu mwenye njaa aliyala bila kuogopa. Hakuwahi kuona mbegu ya kuua. Alichota kopo moja, akaosha hadi maji yakawa safi, akachemsha. Alimpa Junior kwanza. Yeye angekula kitakachobaki.

Hakikubaki kitu. Muda si mrefu Junior alianza kutapika. Mate yalimtoka kama povu, miguu ikalegea. Charlotte alimfunga mgongoni kwa kitenge akakimbia kuelekea zahanati, na njia nzima kichwa cha mtoto kiligongagonga bega lake.

Muuguzi wa Kimalawi, aliyekwisha kujifunza Kiswahili cha kambini, alimgusa Junior paji la uso. "Malaria, kama wengine wiki hii. Amekula nini?"

Charlotte aligeuka. Mama Thacienne alikuwa amesimama mlangoni akihema. Alikuwa amemwona Charlotte akikimbia, akamfuata.

"Uji," Charlotte alisema.

Muuguzi alianza kuandaa sindano. Junior alifumbua macho. "Yaya," alimwita dada yake, "mbona giza?"

Ilikuwa mchana, na jua liliingia dirishani hadi kitandani. Charlotte alimtazama Mama Thacienne, akaitazama sindano, akajua kwamba uongo wake ulikuwa unamzika mdogo wake akiwa hai.

"Si uji. Ni mbegu za kanisa. Niliiba, nikampikia."

Muuguzi aliiweka sindano chini na kumwita dereva wa gari la wagonjwa. Mama Thacienne aligeuka mlangoni. Alikimbia kanisani, akarudi na gunia lenyewe, maana jina la dawa liliandikwa juu yake.

Gari lilipoingia jiji la Lilongwe na kupita mtaa wa Area 18, Charlotte hakuona nyumba hata moja. Alikuwa anasikiliza pumzi za Junior. Hospitalini mlango ulifungwa, yeye na Mama Thacienne wakabaki kwenye benchi.

"Mama, atakufa?"

"Sijui, mtoto wangu. Tuombe."

Waliomba, wakaomba tena. Hatimaye daktari alitoka. "Ataishi. Gunia limetusaidia kujua dawa ipi. Tungedhani ni malaria, tungempoteza."

Charlotte alilia. Kisha woga mwingine ukamjia. "Kesho mutanifukuza kanisani?"

"Nikufukuze uende wapi?" alisema Mama Thacienne. "Sikia. Tulipofika hapa, palikuwa na kuta za jela ya zamani na majani tu. Mzee Gaspard njo yeye alifyeka shamba lile. Alikufa mahindi yakiwa bado machanga, hakula hata moja. Ulikula wewe, na hakujua jina lako. Kesho tutamshukuru Mungu kwa ajili yake. Tutashukuru pia kwa batoto ambao bado wako barabarani usiku huu. Wao pia ni kanisa letu, hata kama hatujawaona. Kopo ulilochukua lilikuwa lao."

Charlotte aliinamisha kichwa.

"Ukiwa na njaa, useme. Ungekuja kwangu, tungegawana hata kiazi kimoja. Mbegu yenye dawa haigeuki chakula kwa kuoshwa. Na ukificha kosa, mwenye kuumia ni mdogo kuliko wewe. Umesema ukweli ukiwa unatetemeka. Ndiyo maana Junior anapumua."

"Kesho nikabidhiwe mstari mmoja nipande, Mama. Hata ule wa mwisho, wenye mawe."

"Wa mwisho ni mrefu."

"Nitaumaliza."

"Basi utaumaliza," alisema Mama Thacienne, "na mikono utanawa kwa sabuni."