Anayepumua Ndani ya Mashine

"Shikilia pumzi," Lorna alisema kwenye kipaza sauti, na mzee Salman, aliyelala ndani ya mashine ya MRI, akaishikilia. Kwenye skrini kifua chake kilitulia. Lakini kwenye spika mtu aliendelea kupumua, polepole, kwa kukwaruza, kama ng'ombe mgonjwa.

Lorna akamgeukia Daktari Mbogo. "Umesikia?"

"Nimesikia spika mbovu. Endelea."

Mbogo ndiye aliyesoma picha katika hospitali ile ya kibinafsi, na Kitale nzima hakukuwa na kitu alichokiona saizi yake. Watu wa mlimani walimchosha kwa matope ya viatu vyao. Watu wa Bungoma walimchosha kwa maelezo marefu. Asubuhi hiyo alikuwa amemvua mzee Salman hirizi kwa vidole viwili, kama anayeokota panya aliyekufa, akaitupa kwenye bakuli. "Chuma hakiingii humu," alisema. "Wala ujinga."

Mzee Salman alikuwa fundi cherehani Bungoma. Homa ya ini alikaa nayo miaka mingi bila kujua, hadi alipoanza kukonda. Kule Bungoma walimpima, wakaona kivuli kwenye ini, na damu nayo ikatia shaka. MRI ndiyo ingesema kama ni saratani, na kama bado inaweza kukatwa kwa upasuaji.

Picha zikatoka. Ini lilikuwa safi kama la mtoto. Mbogo akaandika kwamba hakuna uvimbe, akatia sahihi, akampa karatasi Sharifo, binti wa mzee.

"Lakini daktari, kule waliona kitu," Sharifo alisema. "Damu pia imesema. Si hii mashine ndiyo inaona zaidi?"

"Ndiyo maana imeona hakuna. Kule kwenu wanaona hata mapovu ya soda."

Mzee Salman, aliyekuwa akifunga vifungo vya shati, alisema kwa sauti ndogo, "Kulikuwa na mtu huko ndani. Alilala chini yangu. Alipitisha mkono akanifunika hapa," akagusa ubavu wa kulia. "Mkono baridi sana."

Mbogo alicheka hadi akatoa miwani. "Mzee, hilo tundu linakutosha wewe kwa shida. Jini lingelala wapi?"

Sharifo hakucheka. "Sirudi Bungoma na karatasi hii," alisema, akatoka kwenda msikitini kumwita Maalim Daud, aliyejulikana kwa kutoa majini.

Mzee alipotoka kuketi nje, Lorna alifunga mlango, wakabaki wawili. "Daktari, tangu mwezi jana picha zote za ini zinatoka safi. Zote. Wewe hujaona hiyo ni ajabu?"

"Nimeona tunatumiwa wagonjwa na watu wasiojua kazi."

Maalim Daud alifika baada ya adhuhuri, mtu mfupi mwenye mafua na kandambili. Mbogo alimtazama miguu, kisha uso, akamruhusu dakika kumi, ili yeye Mbogo apate kichekesho cha kusimulia. Alimwambia avue saa na atoe funguo, akaingia naye, akasimama mikono kifuani.

Maalim aliweka kiganja juu ya mashine tupu, akakiondoa haraka.

"Huyu hakuja na mzee," alisema. "Huyu ni mwenyeji wa hapa."

Akaanza kusoma Kurani. Mwanzoni ilikuja harufu tu, harufu ya maini yaliyosahaulika juani, na Mbogo akafungua mdomo aulize nani hajamwaga takataka. Kisha mashine ikaanza kugonga, ile gonga-gonga yake ya kazini, na alipogeuka kumfokea Lorna alimwona nyuma ya kioo ameinua mikono yote miwili juu kuonyesha kwamba hakugusa kitu, na mlio ule ukapanda ukawa kama watu wengi wanaopiga mlango kutoka ndani, na katikati yake ile pumzi, si ya spika tena, ipo pale pale mdomoni mwa tundu, inavuta, inatoa, na kila inapotoa shingo ya Mbogo inalowa, hadi ikageuka maneno, na sauti iliyoyasema ilikuwa sauti yake mwenyewe Mbogo.

"Hiki kijitu cha kandambili umekileta cha nini? Mimi na wewe si tunafanya kazi vizuri? Mimi nafunika, wewe huangalii mara mbili."

"Toka," alisema Maalim.

"Nitoke kwa amri ya nani? Daktari amenikaribisha. Kila alipomcheka mgonjwa, nilipata nafasi ya kulala."

Jasho lilikuwa likimtiririka Maalim. Akamnong'oneza Mbogo, "Mwambie wewe. Mimi si mwenye nyumba."

Mbogo alijaribu. "Toka," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamcheka. Akashika ukuta. "Nimekosa. Ningeangalia tena. Tafadhali, toka."

Kitu baridi kilimpita kifuani kama maji, mlango ukajibamiza, na mashine ikanyamaza.

Lorna alizifungua zile picha za asubuhi. Hakuna aliyekuwa amezigusa. Upande wa kulia wa ini kulikuwa na uvimbe wa sentimita tatu, uliowaka dawa ya picha aliyodungwa ilipofika, kisha ukafifia kuliko nyama iliyouzunguka, vile saratani ya ini hufanya. Ulikuwa bado mdogo. Ungeweza kukatwa.

Mbogo aliandika upya. Sharifo aliisoma karatasi mpaka mwisho. Hakumshukuru.

"Na wengine uliowaambia hawana kitu?" aliuliza, akamshika babake mkono wakaondoka.

Mbogo aliketi akafungua faili za tangu mwezi uliopita, moja baada ya nyingine. Kumi na moja. Katika kila ini uvimbe ulionekana wazi, hata mwanafunzi angeuona, na chini ya kila picha palikuwa na sahihi yake na maneno yale yale.

Alipiga namba ya kwanza, ya mama aliyeitwa Nasike, wa Matulo. Simu ilipokelewa na mwanamume. Nyuma yake watu wengi walikuwa wakiimba.

"Namtafuta Nasike," Mbogo alisema. "Ni daktari wa Kitale."

"Ah, daktari!" Mwanamume akamwita kwa heshima. "Ni wewe ulisema hana kitu? Alifurahi sana siku hiyo, bana. Fanya haraka basi, tunamzika saa nane."