Chakula cha Mgonjwa Asiyeumwa

Kila asubuhi Maren Tveit aliipiga pasi suti yake ile ile ya kijivu, akanywa kahawa amesimama, kisha akapanda basi kwenda katikati ya mji wa St. Paul kufanyiwa usaili. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha sheria, na majira hayo wanafunzi wenzake wote walikuwa wakizunguka ofisi za mawakili kutafuta kazi ya kiangazi. Maswali hayakubadilika. Kwa nini sheria? Kwa nini kesi za mahakamani? Kwa nini sisi? Maren alijibu akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Jioni alirudi hoi nyumbani kwa mama yake, hata kuvua viatu kulikuwa kazi.

Mwanzoni mwa Oktoba, ofisi mbili zilimtaka. Ya kwanza ilikuwa kubwa, katika jengo refu la vioo. Ililipa vizuri, ila mawakili vijana waliomtembeza walikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alipowauliza walisimama lini mara ya mwisho mbele ya jaji, walitazamana wakacheka. Ya pili ilikuwa ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Mwenye ofisi hiyo, Bi Ardis Nygaard, mwanamke mwenye mvi na sauti ya chini, alimweleza wazi kwamba malipo si makubwa, lakini mwanafunzi wake huketi naye mahakamani na kumsaidia kuwaandaa mashahidi. Hicho ndicho Maren alichokitamani tangu siku aliyoanza chuo.

Hata hivyo hakujibu. Aliitaka ofisi ndogo, akaogopa kuiacha kubwa. Bi Nygaard alikuwa na nafasi moja tu, na alitaka jibu Alhamisi. Alhamisi ikafika. Maren alipiga simu akiwa kwenye kituo cha basi, kichwa kizito, macho yakimwasha. Alikusudia kusema kwamba hajaamua, lakini akaona aibu kuonekana mtu asiyejua anachotaka.

"Mama yangu anaumwa sana," alisema. "Naomba mpaka Jumatatu."

Bi Nygaard alimpa pole kwa upole uliomfanya Maren atamani simu ikatike. Akampa Jumatatu.

Siku ya Jumamosi Maren alikuwa amejilaza kwenye kochi. Nje, mama yake, Darlene, alikuwa juu ya ngazi akizoa majani makavu yaliyoziba mfereji wa paa. Gari dogo likasimama mbele ya nyumba. Bi Nygaard akashuka, amebeba bakuli la kioo lililofunikwa foili: nyama ya kusaga na maharagwe mabichi, juu yake vipande vya viazi, vyote vimeokwa pamoja. Chini ya bakuli palibandikwa jina lake, ili lirudi kwake. Mtaa mzima wa kina Maren ungefanya vivyo hivyo kwa jirani mgonjwa. Maren aliijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini kule kituoni uchovu ulikuwa umemsahaulisha.

Kupitia dirisha alimsikia mgeni akimuulizia Bi Tveit, akisema amesikia kuwa anaumwa sana.

"Bi Tveit ndiye mimi," mama akajibu kutoka juu. "Hebu niambie naumwa nini, nianze dawa."

Maren alitoka miguu mitupu. Wanawake wote wawili wakamtazama. Angeweza kusema kwamba mama amepata nafuu ghafla. Maneno yenyewe yalikuwa tayari mdomoni. Yakamchosha kabla hajayatamka.

"Haumwi," alisema. "Nilikudanganya, Bi Nygaard. Nilikuwa sijaamua, nikaona haya kusema."

Mama alishuka ngazi taratibu. "Ungenipa hata mafua," alisema. "Ukaona bora nikaribie kufa kabisa?" Hakucheka.

Bi Nygaard aliliweka bakuli kizingitini. "Watu wanadhani kazi yetu ni kubishana," alimwambia Maren. "Nusu yake ni kuombana siku za ziada. Wakili wa upande wa pili hunipigia, mtoto wake amelazwa, anaomba kesi isogezwe wiki moja. Nampa, wala simdai cheti cha daktari. Nikigundua alinidanganya, sitampa tena hata saa moja, na watakaoumia ni wateja wake. Ungesema tu hujaamua, ningekupa Jumatatu hiyo hiyo."

Maren aliuliza kwa sauti ndogo kama nafasi bado ipo.

"Sijui," Bi Nygaard alijibu akifunga kifungo cha koti. "Na mimi naomba mpaka Jumatatu."

Maren na mama yake walikila chakula kile kwa siku mbili. Kilikuwa kitamu.

Jumatatu asubuhi aliipigia simu ile ofisi kubwa. Hakutaja ugonjwa wala msiba. Alisema anashukuru, ila hataichukua kazi. Kisha akaliosha bakuli, akalibeba mpaka juu ya duka la viatu.

Alipomaliza kueleza, Bi Nygaard alimkazia macho. "Umewakatalia kabla ya kulijua jibu langu? Na nikikunyima?"

"Nitaendelea kutafuta. Kazi yao sikuitaka. Nilikuwa nawazuilia wengine nafasi bure."

Bi Nygaard aliligeuza bakuli, akalitazama jina lake pale chini. "Njoo Juni," alisema. "Ila mwezi wa kwanza, simu zote utapiga nikikusikiliza."

Jioni Maren alimkuta mama yake akiiegemeza tena ngazi ukutani, akamsimulia yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," alisema. "Ukichoka, sema umechoka. Ukiwa hujui, sema hujui. Mtu mwema atakusubiri. Lakini ukimdanganya, hata siku ukiwa na shida ya kweli atasita. Sasa mimi nikiumwa kweli, nani atakuamini?"

Maren alivua koti la suti, akavaa glavu za mama yake, akapanda ngazi kumalizia majani yaliyobaki.